Koti la Melchior na Dawa ya Nondo

Watu wa Biryogo walipotaka kumtania Maneno fundi cherehani, walimwambia kwamba siku akifa wadudu wa kaburini wataomba kuhamishwa. Alinuka dawa ya nondo kuanzia kofia hadi makubadhi. Ukisimama naye safu moja msikitini, ulijua ni yeye kabla hujageuza shingo. Mwenyewe hakukasirika. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mgongo umepinda kwa kuinamia cherehani, na kwa jina lile alilopewa na babaye ungetarajia msemaji. Kumbe kumtoa neno kinywani ilikuwa kazi sawa na kumtoa kobe kichwa.

Babu yake aliingia Kigali akiwa mpagazi wa Wajerumani, akitokea upande wa Tabora, akaoa hapa hapa, akasahau njia ya kurudi. Baba yake alishona kanzu na hakutaka kushona kitu kingine. Maneno yeye alishona vyote: kanzu, suruali, sare za shule, mishanana, yale mavazi ya sherehe ambayo wanawake wa hapa huyafunga begani, na magauni ya maharusi wa Kikristo waliotoka hadi vilima vya Gisozi na Rebero kumfuata yeye, wakiwapita mafundi chungu nzima njiani.

Lakini sifa yake kubwa haikuwa kushona. Ilikuwa kutunza. Mjini hapa kulikuwa na watu wengi wenye nguo nzuri na nyumba mbaya. Mabati yanavuja, panya wanatembea kama wenye nyumba, na shemeji akija kutembea haondoki mikono mitupu. Basi mtu akishavaa suti yake ya sufu siku ya harusi, aliipeleka kwa Maneno, na Maneno aliilaza katika sanduku la mbao mpaka sherehe nyingine. Baba yake alimfundisha kwamba nguo ya mtu ni amana, na amana haina utani. Ndugu yake wa tumbo moja aliwahi kumwomba suti ya mteja aivae kwa saa chache tu, aende nayo kutoa posa. Maneno alikataa. Ndugu akaenda kuposa na shati lililofifia, akakataliwa, na mpaka leo anaamini kwamba kilichomkosesha mke ni sanduku la kaka yake.

Dawa ya nondo ilikuwa vile vidonge vyeupe ambavyo kila mtu mjini alivijua kwa jina la naftalini. Maneno alivitumia toka ujana bila kuuliza swali. Kisha maduka yakaanza kuleta vidonge vingine, vyeupe vile vile, vya duara vile vile, harufu yake kali zaidi, yenye utamu kidogo. Maneno akanunua, akavitia sandukuni juu ya masalio ya vile vya zamani. Siku chache baadaye akafungua, akakuta vidonge vimegeuka kiowevu kama mafuta ya taa, na kiowevu chenyewe kimelowesha gauni la satini la binti wa watu.

Hapo ndipo Melchior alipomkuta. Melchior alikuwa mwalimu wa kemia katika shule moja ya sekondari mjini, mkazi wa Gisozi, mwembamba, mcheshi, aliyevaa koti moja la sufu ya kijivu asubuhi zote za mwaka. Alikuwa amekuja kupunguziwa kiuno cha suruali. Akamwona fundi amekaa sakafuni na gauni mapajani kama mtu aliyepakata maiti ya mtoto. Akaomba kuona maboksi ya dawa, akasoma maandishi ya pembeni, akacheka. Hakuwa akimcheka Maneno. Alicheka kama mwalimu aliyeokota mfano mzuri njiani.

"Umechanganya, fundi," alisema. "Hii ya zamani iko naftalini. Hii mpya si yeye. Hii iko paradiklorobenzini."

"Para nini, mwalimu?"

"Usiogope jina. Iko pete ya kaboni sita. Halafu unaweka klorini mbili, moja huku, moja kule, zinaangaliana kama watu wawili wamekaa kwa meza moja. Ni hiyo tu. Peke yake iko kavu. Naftalini peke yake iko kavu. Ukiwaweka pamoja wanayeyushana, hata bila moto."

Gauni halikupona. Maneno alishona lingine kwa satini yake mwenyewe na kumwomba radhi binti na mamaye. Lakini kuanzia siku hiyo Melchior akawa haji kwa ajili ya suruali peke yake. Alikuja jioni akitoka kazini, akavua koti, akalitundika kwenye msumari wa mlangoni, na somo likaanza. Alidondosha kidonge katika glasi ya maji, kikazama kama kokoto, kisipungue. Akakidondosha katika spiriti, kikayeyuka chote. Akaweka kingine dirishani, wakawa wanakitazama kikipungua wiki hadi wiki, mpaka kikaisha, na mahali pake pasibaki hata unyevu.

"Barafu inapita kwanza kwa maji," Melchior alieleza. "Hii inaruka. Inatoka jiwe, inakuwa hewa. Na ile hewa yake iko nzito kuliko hewa yetu, inashuka chini. Sasa wewe, fundi, unaweka dawa wapi?"

"Chini ya nguo."

"Miaka yote?"

"Miaka yote."

"Basi miaka yote umetibu mbao za sanduku," alisema Melchior, na Kabagwira, mke wa Maneno, akacheka jikoni mpaka akapaliwa.

Kabagwira alisilimu alipoolewa, akapewa jina la Zamda, ila mtaa ulishazoea la zamani. Yeye ndiye aliyempenda zaidi mwalimu huyo, kwa sababu moja: Melchior alimwambia mumewe kwamba hewa ile si ya kulala nayo, inaumiza kichwa na taratibu inadhuru ini, na kwamba vidonge vile watoto huvidhania peremende. Kabagwira alikuwa amelalamikia masanduku yale chumbani tangu wiki ya kwanza ya ndoa. Sasa yakahamishiwa stoo siku ile ile. Maneno alifundishwa pia kufunga vidonge katika kipande cha kitambaa, kuviweka juu ya nguo, mbali na vifungo vya plastiki, maana vipo vifungo vinavyolainika vikikaa karibu navyo.

Jioni moja Maneno alimwuliza jambo lililokuwa likimkera siku nyingi. Alisikia kwamba katika vyoo vya hoteli huwekwa vidonge vya namna ile ile.

"Kwa hiyo inaua harufu?"

"Hapana. Haiui," alisema Melchior. "Inafunika tu. Pua inasikia huyu mwenye makelele, haisikii yule anaongea polepole. Lakini yule polepole bado iko."

Maneno aliyaweka maneno hayo akilini kama alivyoweka kila alichoambiwa na Melchior. Hakuwa na rafiki mwingine wa namna ile, mtu wa kumfanya acheke hadharani, naye alimpenda bila kumwambia, kama wanaume wengi wanavyowapenda rafiki zao.

Kisha ukaja Oktoba wa mwaka elfu moja mia tisa na tisini. Vita ilianza mpakani kaskazini, na siku chache baadaye milio ya risasi ikasikika ndani ya mji wenyewe. Kulipokucha, askari walikuwa njiani wakikusanya watu. Waliitwa ibyitso, wasaliti wa ndani. Walichukuliwa walimu, makarani, wafanyabiashara, mapadri, watu ambao silaha waliyowahi kushika ni kalamu. Maelfu wakajazwa katika uwanja wa mpira wa Nyamirambo, juani, bila maji. Wanawake wa Biryogo walipanda na madumu vichwani kujaribu kuwafikishia. Kabagwira alikuwemo. Alirudi akamwambia mumewe kwamba amemwona Melchior kwa mbali, amekaa chini na shati tu.

Koti lilikuwa limebaki nyumbani. Askari walimfuata asubuhi mapema kabla hajalivaa.

Mkewe, Mukarugwiza, alikuja Biryogo mwezi huo huo, tumbo limemtangulia, bado kitambo kidogo ajifungue. Alikuwa mwanamke wa haya nyingi, mtu wa kuongea akiangalia mikono yake. Melchior alikuwa amekwisha kuhamishwa kutoka uwanjani kwenda gerezani, na hakuna aliyemruhusu kumwona. Nyumba ya Gisozi ilipekuliwa mara mbili, na wapekuzi waliondoka na nguo za mume wake. Hili koti alilinusuru kwa kulikalia. Sasa alikuwa anahamia Rebero kwa dada yake, nyumba ya watoto wengi na moshi mwingi. Aliweka mezani bunda lililofungwa kwa kitenge, fundo juu ya fundo.

"Fundi, naomba unitunzie ile koti yake. Mpaka atoke."

"Ni amana, Mama. Itakaa kama ilivyo."

"Usifungue," alisema Mukarugwiza. "Usifue. Usipige pasi. Wacha iko hivi hivi."

Maneno akaitikia. Mukarugwiza akafungua kinywa kama anayetaka kuongeza jambo, akatazama mikono yake, akalikaza tena fundo la juu. Angesema neno moja zaidi siku ile, hadithi hii isingekuwepo. Lakini lililokuwa moyoni mwake lilikuwa jambo la mke na mume, na mwanamke aliyelelewa kama alivyolelewa yeye hawezi kumweleza fundi wa kiume jambo la namna hiyo mchana kweupe.

Maneno alidhani mfukoni mna karatasi za siri. Aliogopa, kwa kuwa zama zile watu walikamatwa kwa vitu vidogo kuliko hivyo. Hata hivyo aliliweka bunda ndani kabisa ya sanduku la mvule, hakuligusa. Na angeendelea kutoligusa kama si mvua za Novemba. Siku moja baada ya mvua aliingia stoo akamwona nondo mdogo, rangi ya majani makavu, ametua ukutani karibu na sanduku.

Kwa mtu mwingine yule ni mdudu. Kwa Maneno alikuwa mwizi aliyeonekana akipima mlango. Alijua kwamba nondo mwenyewe hali kitu. Anayekula ni kiwavi wake, na kiwavi hupenda sufu iliyovaliwa kuliko sufu safi. Bunda lile halikuwa na dawa ndani. Sufu tupu, iliyovaliwa, imefungwa gizani.

"Mwenyewe kasema usifungue," Kabagwira alimwambia.

"Kasema hivyo kwa kuwa hawajui nondo. Atakapotoka mwenzake nimpe nini? Nimpe chekeche?"

"Mimi sijui. Nimesikia alivyosema tu."

Akili nyingi huondoa maarifa. Maneno alifungua fundo la kwanza, akafungua la pili. Akalikunjua koti mlangoni penye mwanga. Mifukoni hamkuwa na karatasi yoyote. Mlikuwa na vumbi la chaki na vipande vya tumbaku. Akainusa kola, akanusa na makwapa, kama fundi anavyofanya ili ajue nguo imechafuka kiasi gani. Akakunja uso. Jasho. Hiki ndicho wanachokifuata, akajisemea. Hakulifua, kwa sababu alikatazwa kufua na yeye alikuwa mtu wa kutii. Alilipiga brashi tu. Alilipiga vizuri, ndani na nje, akapindua mifuko na kuikung'uta, akafuta kola kwa kitambaa kilicholowa spiriti kidogo, akaliacha koti lipigwe na upepo kutwa nzima. Kisha akafunga vidonge katika kitambaa, akaviweka juu na si chini, mbali na vifungo, kama alivyofundishwa na mwenye koti, akarudisha mafundo yote yalivyokuwa. Usiku ule alilala kwa raha. Ilikuwa kama amemfikishia Melchior kitu gerezani.

Kila vidonge vilipopungua alijaza vingine. Miezi ikapita hivyo.

Mwaka uliofuata, msimu wa mvua za masika ulipokaribia, wafungwa wakaanza kuachiliwa makundi kwa makundi. Maneno akawa anatoka nje mara kwa mara kutazama barabara. Aliyekuja hatimaye alikuwa Nsabimana, mwalimu mwenzake Melchior, kichwa kimenyolewa, suruali imefungwa kwa kamba. Alikaa kwenye kigoda, akanywa chai aliyopewa, akasema waliyekuwa wakimngoja hayupo. Melchior alifariki Januari, kwa kuhara damu, katika chumba ambacho watu walilala kwa zamu kwa kukosa nafasi. Alikopelekwa kuzikwa hakuna aliyeambiwa. Maneno aliinuka, akaenda stoo, akafunga mlango, na Kabagwira akamsikia akilia kama mtoto.

Baada ya siku za ikiriyo, siku ambazo jamaa hukesha na wafiwa, Mukarugwiza alikuja. Mgongoni alibeba mtoto wa kike, Kaze, aliyezaliwa baba yake akiwa gerezani. Hakulia. Alipokea pole kwa mikono miwili, akakaa mkekani, akaomba lile bunda. Maneno alilileta kama mtu anayeleta mtoto aliyelelewa vizuri. Alikuwa na huzuni, naam, ila ndani ya huzuni hiyo alikuwa na fahari kidogo: koti lilikuwa zima, hata tundu la sindano hamna.

Mukarugwiza alimteremsha mtoto, akamlaza mapajani. Akafungua mafundo, akalitandaza koti, na kabla ya jambo lingine lolote akamfunika nalo mtoto, kichwa karibu na kola. Harufu ya dawa ikafumuka na kujaa chumbani. Mtoto akapiga chafya, akaanza kulia. Mukarugwiza akalichukua koti yeye mwenyewe, akazika uso kwenye kola. Akahamia kwapa la kulia. Akahamia la kushoto, kisha ndani ya bitana, kisha mikono, kisha kola tena. Maneno alidhani anaficha machozi, akatazama pembeni kwa adabu. Ndipo alipogundua kwamba yule mama halii. Alikuwa anatafuta.

"Fundi," alisema. "Iko wapi?"

"Nini, Mama Kaze?"

"Yeye. Harufu yake."

 Maneno alikaa kwenye kiti cha cherehani.

"Nilitaka mtoto amjue," alisema Mukarugwiza. Sasa aliongea akimtazama fundi usoni, haya zote zimemwisha. "Picha zake walichoma. Alikuwa hajamuona, hajamshika. Nilisema, hata akifa, mtoto nitamlaza kwa koti, atajua baba yake iko namna gani. Kule Rebero wangefua. Moshi ungeingia. Ndiyo sababu nikaleta kwako, wewe huchezei nguo ya mtu. Nilikuambia usifungue."

Hakupaza sauti. Angepaza, Maneno angeshukuru.

Alimweleza yote: nondo, brashi, spiriti, vidonge. Alipofika kwenye vidonge akakumbuka, na tumaini likamrukia mwilini hata akasimama. Haiui, inafunika tu! Nani alisema hivyo? Si Melchior mwenyewe? Tena dawa hii haibaki. Inatoka jiwe inakuwa hewa, inakwenda zake. Ikishakwenda, aliyekuwa akiongea polepole atasikika. Alimsihi Mukarugwiza amwachie koti kidogo tu, alipeperushe mpaka dawa iishe.  Mukarugwiza akakubali, maana mtu aliyefikwa na lile lililomfika hatupi tumaini, hata likiwa dogo namna gani.

Mtaa wa Biryogo haujapata kuona nguo iliyohangaikiwa kama ile. Maneno alifunga kamba uani, kivulini, ili jua lisiunguze kilichobaki. Alimhamisha Kabagwira na jiko lake upande wa pili wa nyumba. Jirani aliyekaanga sambaza, wale dagaa wa ziwani, alifuatwa na kuombwa ahamishe karai, na alipokataa alisikia kutoka kwa Maneno matusi ambayo hakuna aliyejua kwamba anayajua. Mvua ikitishia, koti lilikimbizwa ndani. Ikikatika, lilirudishwa kambani. Cherehani ilikaa kimya, wateja wakanung'unika.

Shida ilikuwa pua. Pua ya Maneno ilikuwa imeshakufa ganzi kwa dawa ya miaka yote ile. Kwake yeye kila kitu kilinuka kidogo dawa, hata chai. Ikabidi amtumie Kabagwira. Kila asubuhi alimletea koti kama mgonjwa anayepelekwa kwa daktari.

"Bado dawa," Kabagwira alisema mwanzoni.

Baadaye akasema, "Dawa imepungua."

Kisha siku moja akanusa, akanusa tena, akalishusha koti.

"Dawa imekwisha," alisema.

"Na yeye?"

Kabagwira alitingisha kichwa. Hapakuwa na kitu. Palikuwa na harufu ya sufu, basi, kama kitambaa kilichotoka dukani. Brashi ilichukua sehemu yake, spiriti ikachukua yake, na upepo ule uliobeba dawa haukuchagua cha kubeba na cha kuacha. Pengine Melchior angeulizwa angemwonya. Angesema, fundi, kinachofunikwa nacho kinapeperuka. Lakini Melchior hakuwepo wa kuulizwa, na maji yakimwagika hayazoleki.

Kabagwira, kwa huruma, alitoa shauri. Mwalimu alikuwa akivuta tumbaku, kila mtu anaijua. Chaki ipo hapo mezani. Sabuni yake ilikuwa ile ile ya wote. Wapake kidogo kwenye kola, kidogo kwenye kwapa, yule mama apate kupumua. Nani ataumia? Maneno alichukua tumbaku, akaisugua vidoleni, akakaa nayo huku koti limelala mapajani mwake. Alitamani kufanya hivyo kuliko alivyowahi kutamani jambo lolote. Mwishowe akaitupa uani.

"Mtoto atamjua mtu ambaye hakuwepo," alimwambia mkewe.

Mukarugwiza alipokuja, Maneno hakumngoja aulize. Alimkabidhi koti kwa mikono miwili, akainamisha kichwa. Mama yule alilinusa kola mara moja tu. Halafu akalikunja vizuri, akalipakata.

"Iko safi," alisema. "Iko nguo tu."

"Nisamehe, Mama Kaze. Nilitaka atakapotoka alikute zima."

"Najua, fundi. Yeye pia angesema umefanya vizuri."

Hilo lilimchoma Maneno kuliko laana. Machozi yalimtoka, mtu mzima, mbele ya wateja wawili waliokuja kuchukua nguo zao, na hakuyafuta. Mtoto Kaze alikuwa ameamka mgongoni kwa mama yake, anamtazama kwa macho makubwa ya Melchior. Mukarugwiza hakuondoka. Alivuta mkeka karibu na cherehani, akakaa, akauliza kwa sauti ya chini kama anayeomba msaada.

"Siku ile ulifungua mara ya kwanza. Mbele hujashika brashi. Ulisikia harufu gani?"

Maneno alifikiri. Chaki na tumbaku angeweza kuzitaja, ila hizo alizishika kwa vidole mfukoni, hata mtoto angezitaja. Alirudi kichwani mwake mpaka pale mlangoni, koti mikononi, pua kwenye kola. Yeye ndiye mtu wa mwisho duniani aliyenusa harufu ya rafiki yake, na alikuwa na haraka.

"Jasho, Mama," alisema. "Nilisikia jasho, nikasema nguo imechafuka. Nikachukua brashi."

Alingoja atukanwe. Mukarugwiza alisogea karibu zaidi.

"Jasho namna gani?"

 Maneno alitafuta, akatafuta, kama yule mama alivyotafuta ndani ya bitana, na hakupata kitu cha kumpa.  Mukarugwiza akainuka, akamkaza mtoto mgongoni, akaweka koti juu ya mkono.

"Hata mimi imeanza kunipotea, fundi," alisema. "Nilifikiri wewe utanikumbusha."